Tumefungwa tena, dakika zile zile

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na kuna mshikaji kanitumia meseji kuuliza kama nimedisco. Hapana jamani, bado nipo chuo, nipo sana tu. Nilikuwa bize na testi, halafu nilikuwa na hasira. Hasira yenyewe ya mpira.

Kwa wasiojua, mimi ni mwaka wa tatu na ni katibu wa timu ya kitivo chetu. Ukatibu usikutishe: kazi yangu ni kubeba jezi, kuandika majina kwenye karatasi ya refa, na kuingia beki ya kulia pale ambapo hakuna mtu mwingine kabisa. Ligi ya vitivo msimu huu ina timu 11, kila timu inacheza mechi 10. Tulianza kwa kishindo. Tukashinda mbili za mwanzo, watu wakaanza kutuita mabingwa, hadi akina dada wa darasani wakawa wanakuja uwanjani. Baada ya hapo tukafungwa saba mfululizo.

Sasa sikiliza vizuri, maana utamu (au uchungu) upo hapa. Hatukupigwa tano bila hata siku moja. Tulifungwa hivi: 1-0, 2-1, 2-1, 1-0, 3-2, 1-0, 2-1. Saba zote kwa goli moja! Afadhali ufungwe tano ujue moja, timu ni mbovu, urudi hosteli ukafue. Ukifungwa goli moja hulali. Unakaa kitandani unaurudia mpira kichwani: ile kona tungeitoa nje, yule angerudi kukaba, ile faulo refa angeiona. Roommate wangu alifika mahali akaniomba niwe nazungumzia hata siasa.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Kipa wetu alisema ni refa. Kiungo mmoja (simtaji) alisema golini kwetu kuna kitu kimefukiwa, na nusura tuanze kuchimba usiku kwa tochi ya simu. Kocha wetu, ambaye naye ni mwanafunzi wa shahada ya pili, alisema hatuna umakini. Neno hilo "umakini" amelisema mara nyingi sana, tena bila kueleza umakini unapatikana wapi na unauzwa bei gani. Wengine wakasema ni bahati mbaya tu, mpira unadunda.

Hii ya bahati mbaya niliipeleka kwa rafiki yangu anayesoma takwimu. Akacheka, akaniambia, "Kaka, uko sahihi nusu." Akanieleza kwamba mpira wa miguu una magoli machache, kwa hiyo kitu kidogo tu kinageuza matokeo: mpira ukimgonga mtu begani, refa akipepesa macho, mwamba ukakataa. Mechi ya goli moja iko karibu na kurusha shilingi. Lakini shilingi ikirushwa mara saba, kuanguka upande mmoja unaoutaja wewe mara zote saba ni nafasi 1 kati ya 128. Inawezekana kutokea, si muujiza. "Ila kabla hujasema bahati," akaniambia, "angalia kama yale magoli yanafanana. Bahati haina ratiba."

Bahati haina ratiba. Maneno hayo yakanikaa.

Uzuri mimi kama katibu nina daftari. Huwa naandika nani kafunga na dakika ya ngapi, basi tu kwa sababu karatasi ya refa huwa inapotea. Jioni ile nikalifungua, nikaanza kuhesabu. Katika mechi saba tulikuwa tumefungwa magoli 12. Magoli 9 kati ya hayo yaliingia baada ya dakika ya 70. Magoli yetu yalikuwa 5, na yote tuliyafunga kipindi cha kwanza. Yaani kama mechi zingekuwa zinaishia mapumziko, leo ningekuwa naandika habari za kombe!

Kwa hiyo ratiba ilikuwepo. Tatizo letu lilikuwa na saa.

Hapa kuna mdau atasema, "Sasa hilo si ugonjwa wa taifa zima?" Ni kweli, wengi tumekuzwa na maumivu hayo. Kumbuka Cairo, tarehe 27 Juni 2019, Tanzania na Kenya kwenye AFCON. Msuva akafunga dakika ya 6. Olunga akasawazisha dakika ya 39, hata hatujamaliza kusikitika, Samatta akatupa la pili dakika ya 40. Tunaongoza mara mbili! Kipindi cha pili Omolo akasawazisha dakika ya 62, Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. Tatu kwa mbili. Halafu San Pedro, Ivory Coast, tarehe 21 Januari 2024. Tunaongoza Zambia goli moja la Msuva tangu dakika ya 11, wenzetu wamebaki 10 uwanjani tangu kabla ya mapumziko. Dakika ya 88 kona ya Chama, ambaye wakati ule alikuwa mchezaji wa Simba, watu wanamshangilia hapa hapa Dar kila wiki, na Daka akapiga kichwa. Moja moja. Ile ilikuwa sare lakini mimi niliihesabu kama msiba.

Ukizitazama mechi hizo mbili unaona kitu kinachojirudia. Tukipata goli tunaanza kurudi nyuma kulilinda, kidogo kidogo, hadi tunajikuta wote tuko kwenye boksi letu. Mpira tukiutoa, hakuna mtu wa kuupokea mbele, unarudi. Tunaubutua, unarudi. Ukimwachia mtu mpira nusu saa nzima karibu na goli lako, atapata kona, atapata faulo, na moja itaingia. Wala haitaji kuwa bora kuliko wewe.

Ila kuna upande mwingine wa hilo. Timu inayofungwa goli moja haiko mbali. AFCON ya 2025 kule Morocco, Taifa Stars ilifungwa 2-1 na Nigeria, ikatoa sare za 1-1 na Uganda na Tunisia, ikavuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikatolewa na wenyeji kwa 1-0 Januari 2026. Huwezi kuwaambia wale ni wabovu. Wanakosa kitu kidogo. Kazi ni kukijua hicho kidogo ni nini, na kila timu ina chake. Chetu sisi nilikipata kwa njia ambayo sijivunii.

Mechi ya saba. Tunaongoza 1-0, wenzetu wakasawazisha kipindi cha pili mwanzoni, tukawa bado tunapumua. Nipo benchi na daftari langu. Upande wa kushoto tuna winga, dogo wa mwaka wa kwanza, mbio kama swala. Mechi za mwanzo alikuwa anawatesa watu hadi wanamshika jezi. Dakika ya 76 tumepoteza mpira, beki wao wa kulia akapanda nao. Kazi ya dogo ni kurudi naye. Akakimbia hatua kama nne, akasimama. Akainama, mikono magotini. Yule beki akapita peke yake, krosi, kichwa, nyavu. Mbili moja.

Nikasimama pale benchi nikapiga kelele uwanja mzima ukasikia. Nilimwita mvivu. Nikamwambia kama amechoka akalale, asituharibie. Na wengine wakanifuata, maana ukishaanzisha jambo hilo wapo wa kukusaidia. Dogo hakujibu. Akamaliza mechi anatembea.

Baada ya mechi nikawa nakusanya jezi, ya kwake haipo. Nikamfuata bombani nyuma ya hosteli. Nikamkuta ameinama anakunywa maji, anakunywa tu, kama mtu anayejaza ndoo. Nikasubiri amalize. Nikamuuliza, nikiwa bado na hasira zangu, "Dogo, una tatizo gani siku hizi?"

"Hakuna kitu kaka."

"Unaumwa?"

"Hapana kaka. Miguu tu inaisha."

Sijui kwa nini nilimuuliza swali lililofuata. Nadhani ni yale maji. "Leo umekula nini?"

Akacheka kidogo. "Leo nimepiga pasi ndefu."

Kwa wadau mlio nje ya vyuo vyetu: kupiga pasi ndefu ni kuruka mlo. Unakunywa chai asubuhi, unapiga pasi ndefu kupita mchana wote, inakwenda kutua usiku. Ukiwa na hali mbaya pasi inatoka usiku hadi usiku mwingine. Ni utani wetu, wote tunaucheka, na mimi mwenyewe nimeshazipiga nyingi tu. Lakini siku ile nilikuwa nimelishika neno hilo kwa masikio ya mpira, nikalisikia upya. Mtu kapiga pasi ndefu tangu juzi, halafu mimi namwita mvivu kwa sababu dakika ya 76 hakurudi kukaba.

Tukakaa pale kwenye ukingo wa mtaro. Akaniambia hakupata mkopo. Mama yake anamtumia kidogo anachopata, na kinaishia kwenye kulipia chumba na kutoa kopi. Mpira ndiyo kitu pekee kinachomfanya asahau. Alikuwa anaogopa kusema maana mwenye njaa haanzishwi. Nimemuomba ruhusa niandike haya, akasema niandike ila nisitaje jina wala kozi, na nisiandike kama anaomba msaada. Kwa hiyo mdau usinitumie meseji kuuliza ni nani.

Nikamwomba msamaha pale pale. Akasema, "Yameisha kaka." Kwangu hayakuisha.

Wiki hiyo nikapita chumba kwa chumba na daftari, nikajifanya nakusanya taarifa za timu. Katikati ya maswali ya saizi ya viatu nikachomeka moja: siku ya mechi ulikula nini kabla ya kuja uwanjani? Kati ya wachezaji 11 walioanza, 3 walikuwa wamekula chakula cha mchana. Watano walikuwa na chai na andazi la asubuhi. Watatu walikuwa hawajatia kitu mdomoni tangu usiku. Na mechi zetu zinaanza saa 10 jioni, jua linawaka. Wadau, mtu anaingia uwanjani ameshamaliza saa tisa bila chakula, halafu kocha anamdai umakini!

Na ratiba ikaeleweka yote. Mechi mbili tulizoshinda zilichezwa wiki mbili za kwanza za semesta. Boom ndiyo lilikuwa limeingia, watu wanakula kuku, wanawaita wauza chipsi kwa majina. Wiki ya tatu boom limeshapita: wengine wametuma nyumbani ada ya mdogo wao, wengine wamelipa madeni ya semesta iliyopita, na wengine (tusidanganyane) wamenunua simu. Kuanzia hapo ndipo tukaanza kufungwa dakika za lala salama. Kumbe lala salama tulikuwa tunalala sisi.

Nikamuuliza jamaa anayesoma sayansi ya michezo. Akaniambia misuli ina akiba yake ya wanga, wanaiita glaikojeni, na ndiyo inayokupa zile mbio za ghafla: kumkimbiza mtu, kuruka kona, kurudi kukaba. Akiba hiyo inajazwa na ulichokula jana na leo, na mechi moja inaweza kuimaliza. Akanitajia mtafiti wa Sweden, Bengt Saltin, ambaye mwaka 1973 aliandika kuhusu wachezaji walioingia uwanjani na akiba ndogo: walikimbia umbali mfupi na walitembea zaidi, hasa kipindi cha pili. Tangu 1973 jambo linajulikana, sisi tunataka kuchimba golini!

Na kichwa nacho kinachoka. Ndiyo maana tulikuwa tunarudi wote kwenye boksi. Hakuna aliyetuagiza kupaki basi. Miguu ikiisha unajisogeza karibu na goli lako kwa sababu huko hutakiwi kukimbia mbali. Halafu unaubutua mpira kwa sababu kupiga pasi tatu kunahitaji watu watatu wanaokimbia. Ule "umakini" wa kocha ulikuwa unaisha pamoja na lile andazi.

Nikapeleka daftari kwenye kikao cha timu. Sikutaja jina la mtu, nilisoma namba tu: 9 kati ya 12, na 3 kati ya 11. Kukawa kimya. Unajua sisi wanaume na njaa, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Kocha akaangalia chini. Kiungo wa uchawi akasema taratibu, "Mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu." Basi pakafunguka. Mmoja akasema huwa anakunywa maji mengi kabla ya mechi ili tumbo lisilie. Mwingine, beki wetu wa kati, mtu mwenye kifua kama kabati, akasema dakika ya 80 huwa anaona nyota.

Pakatokea wazo la kuwachangia wenye shida. Kepteni akalikataa hapo hapo. Akasema, "Hatumchangii mtu. Tunachangia timu." Akaweka utaratibu: siku ya mechi wote tunakula pamoja saa 6 mchana, benchi na walioanza, hakuna anayekula kivyake. Mwenye nacho anampa katibu buku au buku mbili, asiye nacho hatoi, na katibu haandiki nani katoa. Mimi mwenye daftari nikaamriwa nisiandike! Nadhani ni uamuzi wa akili kuliko wowote uliofanyika kwenye kitivo chetu tangu nifike hapa.

Nikaenda kwa mama ntilie wetu wa njia ya kuelekea uwanjani. Nikamsalimia, nikajieleza kwa mzunguko mrefu, mara timu, mara ligi, mara wanga. Akanikatiza. "Mwanangu, sema una watu wangapi."

"Kumi na nane mama."

"Na una shilingi ngapi?"

Nikamwambia. Haikutosha, na yeye alijua haitoshi. Akafikiri kidogo akasema, "Leteni wenyewe kuni na mje wawili asubuhi kuchambua maharage." Ndivyo ilivyokuwa. Beki wetu mwenye kifua cha kabati alichambua maharage tangu saa 3 asubuhi, na kwa kweli ana mikono mizuri kwa kazi ile.

Mechi ya kumi, ya mwisho, ilikuwa Jumamosi iliyopita. Wali maharage saa 6, kila mtu sahani imejaa, ndizi moja moja. Dogo alikaa katikati ya wenzake, anakula na kupiga stori kama wengine wote, na hakuna aliyemtazama. Nilikula huku nimeangalia sahani yangu.

Tumefungwa. Moja bila.

Ngoja kwanza usicheke! Goli liliingia dakika ya 17. Shuti lao lilimgonga beki wetu mgongoni, kipa ameshaenda kulia, mpira ukaenda kushoto. Tangu dakika ya 70 hadi mwisho mpira ulikuwa kwao tu. Kocha aliingiza watu wawili dakika ya 60 badala ya kusubiri mtu aanguke. Dogo alipanda na kushuka, alipanda na kushuka, dakika ya 85 alimkimbiza yule winga wao umbali wa nusu uwanja akampokonya mpira kwenye kibendera chetu cha kona. Dakika ya 89 kichwa cha kepteni kikagonga mtambaa panya. Kipa wao alikuwa anajilaza chini kila akidaka mpira. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, wanaopoteza muda walikuwa wengine, na wanaoomba filimbi ipigwe walikuwa wengine.

Nimeandika kwenye daftari: 17. Hiyo sasa ndiyo bahati mbaya, na naitamka kwa moyo mweupe. Zile saba hazikuwa bahati. Zile zilikuwa njaa, na juu yake mtu mmoja wa benchi anayepiga kelele badala ya kuuliza.

Tumemaliza wa pili kutoka mkiani, msinitanie sana. Semesta ijayo utaratibu wa sahani unaendelea tangu wiki ya kwanza, hata boom likiwepo, ili ukifika wakati wa ukame isiwe jambo la kushangaza. Na wewe mdau mwenye timu inayofungwa goli moja moja, kabla hujabadilisha kocha au kuchimba golini, fungua daftari uangalie dakika. Halafu muulize mtu wako wa pembeni, taratibu, pembeni kweli, leo amekula nini.

Testi zimebaki mbili, niombeeni. Tukutane tena wiki ijayo Mungu akipenda. Na kama wewe ni roommate wangu unasoma hapa: ndiyo, leo tutazungumzia siasa.